Wenye pumu: kuna ambaye kifua kinambana zaidi akikaribia hedhi?

PumziFupi (mwanzisha uzi)
Habari zenu wapendwa, hili swali limenikaa muda mrefu leo nimeamua kulileta. Mi nina pumu toka mdogo na kwa ujumla naishi nayo vizuri tu, wiki zinapita pampu ya bluu sijaigusa. Ila nikikaribia siku zangu, zile siku chache kabla damu haijaja mpaka ikishatoka toka kidogo, kifua kinapiga filimbi, usiku naamka nakohoa, ngazi nikipanda nafika juu sina pumzi. Damu ikikaa sawa kinaachia chenyewe. Nimesingizia vumbi, nimesingizia baridi, lakini vumbi gani hilo linalojua tarehe? Kliniki nilipouliza nikaambiwa ni wasiwasi wa kabla ya hedhi nipunguze mawazo. Kuna mwenzangu humu? Na kama lipo linasababishwa na nini na mnafanyaje? Wanaume karibuni ila kwa adabu.

Chausiku_K
Shoga haupo peke yako hata kidogo. Mi kifua ndo kinatangulia, maziwa hayajaanza kuuma, chunusi haijatoka, yeye kashafika. Nikisikia kikohozi kile kikavu cha usiku najua pedi zikae karibu 😂 Mdogo wangu naye ana pumu tena kali kuliko yangu ila hedhi wala haimgusi, kwahiyo sio kila mtu.

Hoja_Kwanza
Naingia kwa adabu kama mlivyoagiza. Sibishi kwamba mnaumwa, nauliza tu, hii haiwezi kuwa ni kumbukumbu? Maana mtu akibanwa akiwa kwenye hedhi anaunganisha mambo mawili, akibanwa katikati ya mwezi anasahau. Kuna mtu kapima au ni hisia?

Chausiku_K
Haya kashafika wa hisia.

NesiWaZamu
Chausiku muache, swali lake ni zuri na watafiti wenyewe walijiuliza hilohilo. Mi ni muuguzi, nimekaa sana upande wa kifua, ntajibu ninavyoweza ila sikutibu mtu humu, tuelewane.

Kwanza jambo lenyewe lipo na sio jipya. Mwaka 1931 daktari mmoja wa Marekani, Robert Frank, alipoandika kuhusu mateso ya kabla ya hedhi alimtaja na mgonjwa ambaye pumu ilikuwa inambana kipindi hicho hicho. Toka hapo limefanyiwa kazi sana. Tafiti nyingi zinaangukia kati ya asilimia 19 na 40 ya wanawake wenye pumu wanaosema inawazidia karibu na hedhi. Upana huo Hoja_Kwanza unakupa haki kidogo, maana ukimuuliza mtu kwa mdomo unapata wengi, ukimwambia apime pumzi kila siku aandike wanapungua. Wanapungua lakini hawaishi.

Alafu 1996 kuna utafiti wa Marekani uliangalia wanawake 182 waliofika idara ya dharura na pumu. Wakaugawa mwezi wa siku 28 mafungu manne ya siku saba saba, kwahiyo kama hedhi haina uhusiano kila fungu lingebeba kama robo. Fungu la kuzunguka hedhi lilibeba asilimia 46. Sasa nisiwe mtu wa kuchagua ya kunifurahisha, utafiti mwingine uliofuata ulikuta wengi wanakuja kabla yai halijapevuka, kwahiyo kuna wanawake wanaobanwa kipindi tofauti kabisa cha mwezi. Ndo maana kila mmoja ajue ratiba ya mwili wake asikariri ya jirani.

Hoja_Kwanza
Hapo nimeelewa. Ahsante nesi, hiyo 46 sio ya kupuuza.

PumziFupi
Nesi ubarikiwe, yaani kusikia tu kwamba kitu kipo nimepumua (sio kifua ni roho 😅). Sasa kwanini? Homoni ndo nasikia kila mtu anasema homoni homoni lakini homoni inaingiaje kwenye mapafu?

NesiWaZamu
Yai likishapevuka estrojeni na projesteroni zote zinakuwa juu, alafu siku chache kabla ya damu zinaporomoka zote mbili kwa mpigo. Hayo maporomoko ndo yanashukiwa kuliko wingi wenyewe. Mapafu yana vipokezi vya hizo homoni, na zile chembe za kinga zinazomwaga vitu vya kuvimbisha mirija ya hewa nazo zinavyo. Projesteroni pia inalegeza misuli na inausukuma ubongo uongeze kupumua. Ikiondoka ghafla mtu mwenye mirija iliyokwisha kasirika anaisikia.

Kuna kimoja mi huwa kinanishangaza. Dawa ya pampu ya bluu inafanya kazi kwa kushika vipokezi fulani kwenye misuli ya mirija. Kwa mwanamke asiye na pumu vile vipokezi vinaongezeka nusu ya pili ya mwezi. Kwa wanawake wenye pumu waliopimwa ikaonekana projesteroni inavipunguza, yaani kinyume chake. Kwahiyo yule anayesema "siku hizo nikipuliza naona kama haishiki" anaweza akawa hadanganyi. Hakuna sababu moja iliyokubaliwa na wote lakini, inaonekana kwa watu tofauti njia ni tofauti.

Na ukitaka kuona kwamba homoni zinahusika tazama umri. Utotoni wavulana ndo wanaugua pumu zaidi. Wakishabalehe mzani unageuka, ukubwani wanawake ndo wengi na ndo wanaolazwa zaidi. Mimba nayo, tunafundishwa theluthi inapata nafuu, theluthi inazidiwa, theluthi hakuna kinachobadilika.

Mama_Mapacha
Samahani naingilia. PumziFupi hizo siku unameza nini kwa ajili ya tumbo?

PumziFupi
Ibuprofeni, likikaza sana diklofenaki. Kwanini?

Mama_Mapacha
Nimeuliza maana mi ndo lilikuwa tatizo langu miaka yote na hakuna aliyewahi kuniuliza. Kila mtu anaangalia kifua, mwingine anaangalia tumbo, hakuna aliyeangalia vidonge. Nilikuwa na vinyama puani vimetolewa vikarudi, harufu sisikii, mpaka daktari wa pua na koo ndo akaniambia aspirini na ndugu zake zote kwangu ni marufuku. Toka niache nabanwa bado lakini sio kule kwa kukimbizwa usiku.

NesiWaZamu
Mama Mapacha umenitangulia, nilikuwa nakuja hapo. Hili lisomwe polepole.

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, dawa za kundi hilo, zinaziba njia moja ya mwili ya kutengeneza kemikali za maumivu, na kwa baadhi ya watu njia hiyo ikizibwa mwili unaelekeza nguvu upande wa pili unatengeneza kwa wingi vitu vinavyokaza mirija ya hewa. Ni kama asilimia 7 ya watu wazima wenye pumu, na kwa wenye vinyama puani asilimia inapanda. Pua inaziba au kuchuruzika, kifua kinabana, mara nyingi ndani ya nusu saa mpaka saa tatu baada ya kumeza. Sasa fikiria mwanamke anayemeza hizo dawa siku hizohizo za mwezi tu, ataapa ni hedhi.

Msianze kutupa dawa zote leo, wengi wenye pumu wanazimeza hawadhuriki. Na tafadhali sana mtu ASIJARIBU nyumbani kumeza ili aone itakuwaje, hilo linafanyika hospitali penye watu na vifaa. Ukiwa na shaka tumia parasetamoli ya kawaida mpaka uonane na daktari, wengi inawafaa, na maji ya moto tumboni hayana ubishi na mapafu.

PumziFupi
Mmh. Ila mi kifua kinaanza kabla sijameza chochote, tumbo linakuja baadae. Ingawa sasa mmesema nakumbuka usiku mbaya kuliko zote ni ule wa damu kuanza na ndo usiku ninaokunywa dawa. Pua sina shida nayo.

NesiWaZamu
Basi yanaweza kuwa mawili kwa pamoja, au moja tu. Ndo maana andika. Chukua daftari au simu, siku ya kwanza ya damu iandike 1 na uendelee kuhesabu. Kila siku weka umekohoa usiku au la, umepuliza pampu mara ngapi, umemeza nini SAA NGAPI. Ukipata kile kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi ndo bora zaidi, asubuhi na jioni kabla ya dawa, puliza mara tatu andika kubwa. Angalau mizunguko miwili, mitatu ndo nzuri. Baadhi ya watafiti wanahesabu ni pumu ya hedhi pumzi ikishuka asilimia 20 au zaidi kulinganisha na siku nyingine. Karatasi kama hiyo ukiiweka mezani hakuna atakayekwambia ni mawazo.

Bint_Upepo
Mi nilianza vidonge vya majira kwa sababu zangu nyingine kabisa nikashangaa na kifua kimetulia. Kwanini wasiwape wote tu yaishe?

Zuhura_wa_Juu
Bint_Upepo usiseme wote. Mi nina kijiti, hedhi imekata kabisa siioni, na kifua kiko palepale kila baada ya wiki kadhaa. Na rafiki yangu yeye alipochoma sindano alizidiwa akaacha. Hizi njia sio kitu kimoja.

NesiWaZamu
Zuhura yuko sahihi. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia wanawake zaidi ya elfu 80 wenye pumu wa miaka 16 mpaka 45, waliokuwa wanatumia uzazi wa mpango wa homoni walionekana kupata mashambulizi makali machache kidogo, na nafuu ilikuwa kwa vile vyenye homoni mbili, sio vya projesteroni peke yake. Lakini hiyo ni picha ya kundi kubwa, haimaanishi wewe ukimeza utapona, na mwongozo wa pumu hausemi kila mwenye tatizo hili apewe. Alafu vidonge vya homoni mbili vina watu wasiotakiwa kuvitumia, mwenye historia ya damu kuganda, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Usimuazime mtu vidonge vyako kwa sababu vyako vimekufaa.

Na kabla hatujafika huko kwenye homoni nina swali la maana zaidi kwa PumziFupi, ukiacha pampu ya bluu unatumia nini?

PumziFupi
Sina nyingine, niliyopewa ni hiyo ya bluu tu toka zamani. Nikibanwa napuliza.

NesiWaZamu
Nilihisi. Sikulaumu, ndo ulivyopewa, na wako wengi mno. Bluu inafungua mirija kwa muda, uvimbe uliopo ndani haiugusi. Toka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, haupendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa pampu ya kufungua peke yake, anatakiwa awe na dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe, steroidi ya kuvuta, iwe kila siku au ile iliyochanganywa budesonaidi na formoteroli kwenye pampu moja. Nasema hivi kwa sababu kwenye kliniki nimeona mara nyingi mwanamke anakuja na "pumu ya hedhi", anawekwa kwenye dawa ya kuzuia vizuri, anafundishwa kuvuta, mizunguko kadhaa mbele hedhi inapita kifua hakijui. Homoni zinaporomoka vilevile ila zinakuta mirija imetulia.

Chausiku_K
Si wanasema steroidi zinanenepesha na kuharibu mifupa? Mi nilipewa nikaziweka kabatini.

NesiWaZamu
Za kumeza kwa muda mrefu ndio, zina madhara hayo. Za kuvuta dozi yake inahesabiwa kwa maikrogramu na inaishia zaidi kwenye mapafu. Sukutua mdomo na maji uteme baada ya kuvuta usipate utando mweupe, basi. Na ukikimbia ya kuvuta, ndo utakuja kuishia kwenye vidonge vya prednisoloni kila ukizidiwa, yaani unakimbilia kilekile unachokiogopa. Itoe kabatini, angalia tarehe kwanza.

Daktari akishaona daftari anaweza pia kukuandikia mpango wa kupandisha dawa ya kuzuia siku chache kabla ya hedhi kisha kushusha. Wengine wanapewa montelukasti, majaribio madogo yameona inasaidia baadhi. Hapo niongeze kitu wengi hawaambiwi, hiyo dawa inaweza kuvuruga usingizi na hisia, 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kabisa la upande wa akili. Mtu ambaye tayari siku hizo anashuka moyo amwambie daktari kabla.

Damu_Nzito
Mi wakati wa hedhi naishiwa pumzi lakini filimbi sisikii, pampu nikipuliza hakuna tofauti, moyo unaenda mbio na kizunguzungu. Damu inanitoka nyingi sana na mabonge. Ni pumu hiyohiyo?

NesiWaZamu
Hapana, kwa ulivyoeleza kwanza kapime wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito himoglobini yake (ile chembe ya damu inayobeba hewa) ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu, na upungufu unakatisha pumzi bila kubana mirija, pampu haiwezi kuleta tofauti. Na hedhi ya mabonge yenyewe inataka uchunguzi, isiishie kwenye vidonge vya madini ya chuma tu.

Baba_Wawili
Samahanini, mi ni mume. Mke wangu anabanwa kweli siku hizo na huwa nakaa tu namuangalia sijui nishike wapi. Nifanye nini na nijuaje kwamba sasa ni hospitali?

NesiWaZamu
Baba mmekuja wanaume wawili na wote mna maswali ya maana leo. Mkalishe wima, usimlaze. Pampu ya bluu na spesa (lile kopo la plastiki linalochomekwa kwenye pampu), apulize mara moja avute taratibu, subiri nusu dakika mpaka dakika, mara nyingine, unaweza kufika mara 10. Usingoje zote kumi ziishe ndo utafute usafiri, kama ya kwanza kwanza hazijaleta nafuu anza kutafuta huku anaendelea kupuliza. Hospitali moja kwa moja kama hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zinaelekea bluu, anasinzia au kuchanganyikiwa, au dawa inashika alafu inaachia kabla saa nne hazijapita. Kifua kikinyamaza kabisa filimbi isisikike na bado anahangaika, hiyo ni mbaya zaidi, sio nafuu.

Na lingine, adimu lakini nalisema. Maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja wa kifua, mara nyingi kulia, wakati mwingine yakipanda begani, yakaja na kukosa pumzi ndani ya saa 72 toka damu ianze, hayo yanaweza kuwa pafu limesinyaa kwa sababu hewa imevuja ikakaa nje yake. Hutokea kwa baadhi ya wanawake wenye endometriosisi, ile hali ya ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota kwingine. Hiyo haitibiwi na pampu, inahitaji picha ya eksirei.

Baba_Wawili
Nimeinakili yote. Saa nne za kuhesabu eh, sio saa nne asubuhi 😅

NesiWaZamu
Masaa manne baba 😂

Umri_Umesogea
Na sisi ambao hedhi inakuja ikijisikia? Zamani nilikuwa najua lini ntabanwa, sasa mwezi haupo miwili haupo alafu inakuja kwa fujo na kifua nacho kimekosa utaratibu.

NesiWaZamu
Mama kipindi hicho homoni zinapanda na kushuka bila kalenda, kwahiyo kupandisha dawa kwa kutegea tarehe hakukufai. Dawa ya kuzuia iwe ya kila siku bila kuruka. Na ukishauriwa homoni za kupunguza joto la mwili wataje pumu yako mapema, kuna wanawake waliopata pumu au kuzidiwa wakiwa kwenye hizo.

Mama_Mapacha
Binti yangu ana pumu na amevunja ungo juzijuzi. Nimwambie haya yote au namtisha?

Chausiku_K
Mwambie jamani, sisi tusingehangaika hivi.

NesiWaZamu
Mwambie kwa kipimo chake. Mizunguko ya mwanzo mara nyingi yai halipevuki na tarehe zinarukaruka, kwahiyo usitegemee kuona mpangilio mapema. Mpe daftari moja aandike hedhi na kifua pamoja, ajue kutumia pampu mwenyewe bila wewe. Na kwa sababu wewe ibuprofeni imekukataa, hali hiyo kwa kawaida hairithiwi moja kwa moja lakini mtaje kwa daktari wake kabla hajaanza kupewa dawa za tumbo, maana shuleni wanagawana vidonge kwenye mabweni hata hawasomi jina.

PumziFupi
Nimeanza daftari leo, niko siku ya 19. Nesi swali la mwisho, hicho kifaa cha kupimia pumzi napuliza nimesimama au nimekaa?

NesiWaZamu
Simama ukiweza, au kaa wima. La muhimu iwe hivyohivyo kila siku, usichanganye. Vuta hewa mpaka mwisho, bana midomo vizuri kwenye mdomo wa kifaa, puliza kwa kishindo kifupi.